Nyumba na Kiwanja Katika Ng'ambo ya Unguja

Kiswahili kina neno kiunga, nalo ni la zamani. Kiunga ni mahali pa nje ya mji penye miti ya matunda na nyumba za hapa na pale, na watu wa pwani wamelitumia neno hilo kwa kutaja makazi yanayouzunguka mji. Lakini makazi makubwa yaliyokua mashariki ya mji wa Unguja hayakuitwa kiunga. Yaliitwa Ng'ambo. Neno hili halielezi umbali wa mahali wala uchache wa watu wake. Laeleza maji yaliyo baina ya pande mbili, nalo humtaka msemaji asimame upande mmoja na kuutazama wa pili. Aliyekuwa Shangani au Malindi aliyaita Ng'ambo makazi yaliyokuwa upande wa pili wa hori. Mkazi wa huko angeweza, kwa haki ile ile, kuuita mji wa mawe ng'ambo, lakini hakufanya hivyo, aliuita Mjini. Basi jina lenyewe lilikwisha kuamua ni wapi mjini na ni wapi si mjini, kabla serikali yoyote haijachora mpaka.

Jambo linalochunguzwa hapa ni dogo kwa sura, nalo ni hili: mtu wa Ng'ambo aliposema kwamba amenunua nyumba, alikuwa amenunua nini? Jibu lake si jepesi kama linavyodhaniwa. Kwa muda mrefu nyumba ilikuwa mali moja na kiwanja kilichoibeba kilikuwa mali nyingine, na mara nyingi mali hizo mbili zilikuwa za watu wawili. Yeyote asiyeitambua tofauti hiyo hawezi kufahamu hati za zamani za Ng'ambo, wala sababu ya mgogoro mkubwa wa mwaka wa 1928, wala mambo yaliyofuata baada ya mwaka wa 1964.

Mji wa zamani wa Unguja, ambao leo huitwa Mji Mkongwe, ulijengwa juu ya rasi. Upande wake wa mashariki lilipita hori la bahari, ambalo maji yalipojaa lilikaribia kuufanya mji kuwa kisiwa. Nchi kavu iliungana na mji kwa shingo nyembamba upande wa Mnazi Mmoja. Daraja lililojengwa juu ya hori ndilo lililoacha jina la Darajani, jina ambalo lingali hai ingawa hori lilijazwa udongo kidogo kidogo katika karne ya 20 na daraja halipo tena. Sayyid Said bin Sultan alipoufanya mji huu kuwa makao yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilileta watu wengi kuliko rasi ile ilivyoweza kuwapokea. Wenye uwezo walijenga kwa mawe na chokaa upande wa Mjini. Wengineo walivuka hori.

Majina ya mitaa ya Ng'ambo yahifadhi habari za mwanzo wake. Miembeni, Mwembetanga na Kikwajuni ni majina ya miti. Mchangani laeleza ardhi yenyewe, na Gulioni laonyesha mahali pa kuuzia na kununulia. Kisha yako majina yanayoanza kwa kwa, kama Kwahajitumbo, ambayo hutaja mtu. Katika majina hayo mna habari mbili za umiliki. Majina ya miti yakumbusha kwamba nyumba zilichipuka ndani ya mashamba na viunga vya watu, chini ya miembe na mikwaju iliyokuwa na wenyewe. Majina ya watu yakumbusha kwamba mahali palijulikana kwa mtu ambaye wengine walikaa kwake au karibu naye. Katika mwanzo wake, kukaa Ng'ambo kulikuwa aghalabu kukaa kwa mtu.

Neno linalofaa kueleza hali hiyo ni hisani. Mwenye ardhi aliwaruhusu wafuasi wake, watumwa wake, mahuru wake na jamaa zao kujenga juu ya ardhi yake. Hakuwatoza kodi ya fedha. Alichokipata ni heshima, utumishi, na wingi wa watu waliohesabiwa kuwa ni wake, jambo ambalo katika zama hizo lilikuwa ni utajiri wa namna yake. Wengine walizidi hapo, wakaziwekea wakf baadhi ya ardhi kwa manufaa ya mahuru wao na vizazi vyao. Kwa sheria ya Kiislamu, mali iliyowekwa wakf haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Asili yake hufungwa na manufaa yake ndiyo hutolewa. Kwa hiyo watu wengi wa Ng'ambo walikulia juu ya viwanja ambavyo waliamini kwamba hakuna awezaye kuwaondoa, ingawa hawakuwa na hati ya kuonyesha.

Watu waliongezeka zaidi baada ya mambo mawili makubwa. Mwaka wa 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka wa 1897, chini ya Himaya ya Waingereza iliyoanza mwaka wa 1890, hali ya utumwa ilifutwa katika sheria. Wengi wa walioacha utumwa mashamba walikuja kutafuta maisha ya kujitegemea karibu na bandari na masoko. Walipanga chumba au walijenga, na wakaanza kujiita watu wa mtaa fulani badala ya watu wa bwana fulani. Kwao kuwa na nyumba hakukuwa jambo la makazi tu, kwa kuwa mtumwa alihesabiwa katika nyumba ya mwingine, na huru alikuwa na mlango wake mwenyewe. Hapana budi kulikumbuka jambo hili wakati wa kupima uchungu uliokuja baadaye.

Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Mbele palikuwa na baraza, mahali pa kukaa wageni na majirani pasipo kuingia ndani. Mlango uliingia katika ukumbi mrefu, na vyumba vilipangwa kushoto na kulia, aghalabu vitatu kila upande. Nyuma ulikuwapo ua, pamoja na jiko na choo. Umbo hilo lilimfaa mwenye nyumba kwa njia mbili. Aliweza kuanza na sehemu ndogo na kuongeza kadiri fedha ilivyopatikana, na makuti yangeweza kupisha bati siku moja. Kadhalika aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Wanawake wengi walimiliki nyumba za namna hii, na kodi ya vyumba iliwapa riziki isiyotegemea mume wala bwana.

Hapo pana fundo la lugha linalostahili kufunguliwa. Mtu huyo mmoja alikuwa mwenye nyumba mbele ya wapangaji wake wa vyumba, naye alikuja kuwa mlipa kodi mbele ya mwenye ardhi. Hapana lililogongana katika akili ya watu, kwa sababu kila jina lilihusu mali yake. Nyumba ilikuwa ni miti, udongo, milango na makuti. Iliweza kuuzwa, kurithiwa, kutolewa zawadi, hata kubomolewa na miti yake kuchukuliwa na mwenyewe. Kiwanja kilikuwa kitu kingine. Neno kiwanja lenyewe, ambalo ni ndugu wa uwanja, lataja mahali palipo wazi, patupu, panapongoja kutumiwa. Kwa hiyo katika maana ya asili nyumba si sehemu ya kiwanja. Nyumba ni kitu kinachokaa juu yake.

Fikira hii haikuanza Ng'ambo. Katika mwambao wote miti imekuwa ikimilikiwa mbali na ardhi. Mtu aliweza kuwa na minazi au mikarafuu katika shamba la mwingine, akaivuna, akaiuza na kuirithisha. Sheria ya Kiislamu haikuona ajabu katika utengano huo. Sheria ya Kiingereza, kinyume chake, imejengwa juu ya kanuni ya kale kwamba kilichoshikamana na ardhi huifuata ardhi. Kanuni hizo mbili zilipokutana katika mahakama za pwani, nyumba ya miti na udongo ilikuwa katikati. Mombasa nako nyumba zisizo na ardhi zilijengwa, zikauzwa na kurithiwa kwa vizazi, na mahakama za Kenya zimeendelea kupokea mashauri ya namna hiyo hata katika karne hii.

Ununuzi wenyewe ulifanywa kwa taratibu zilizojulikana na wote. Palihitajika ijabu na kabuli, yaani neno la mwenye kuuza na jibu la mwenye kununua, pamoja na bei iliyotajwa na mashahidi. Penye shaka au ugomvi kadhi aliulizwa. Aliyeshirikiana na mwenzake katika nyumba alikuwa na haki ya kutangulizwa kabla sehemu ya mwenzake haijamwendea mtu wa nje, haki ambayo wanachuoni wa fiqhi huiita shufaa. Jambo hili lilikuwa na uzito, kwa maana nyumba nyingi zilikuwa na wenyewe wengi. Baba akifa na kuacha watoto, mjane alistahiki sehemu moja katika nane, na kila binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Baada ya vizazi viwili nyumba ya vyumba sita ingeweza kuwa na warithi wengi kuliko vyumba, na mnunuzi aliyefanya haraka alinunua fungu la mmoja akidhani amenunua nyumba nzima.

Zaidi ya hayo, neno kuuza halikuwa na maana moja. Katika hati za Unguja limo jambo liitwalo bei ya khiyari. Mtu aliyehitaji fedha aliiuza nyumba yake kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa, mali yake itamrudia. Aghalabu muuzaji hakutoka. Aliendelea kukaa, akimlipa mnunuzi kodi. Kwa umbo hayo yalikuwa mauzo. Kwa kazi yake yalikuwa rehani, na kodi ile ilishika mahali pa faida ya mkopo, ambayo dini imeikataza kwa jina la riba. Asomaye hati ya namna hiyo akakuta kwamba fulani ameuza nyumba yake, asiharakishe kuandika kwamba fulani alihama. Huenda alifia humo humo, na watoto wake wakaikomboa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hisani ilianza kugeuka kodi. Mji ulikuwa umekua, na ardhi ya Ng'ambo, ambayo zamani thamani yake ilikuwa katika watu walioikaa, sasa ilikuwa na thamani ya fedha. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni, na ardhi nyingine zilikwisha kupita mikononi mwa watu wasiokuwa na uhusiano wa zamani na wakazi. Mahakama na ofisi za Himaya nazo zilitaka kujua mmiliki wa kila kipande. Swali hilo lilimfaa mwenye hati kuliko mwenye kumbukumbu. Watu ambao wazazi wao walijenga kwa ruhusa ya mdomo waliambiwa kwamba ni wapangaji. Hata penye wakf palikuwa na shida, kwa kuwa masharti ya wakf nyingi yalihifadhiwa katika vifua vya watu, na usimamizi wake ulikuwa umekwisha kuingia katika mikono ya Kamisheni iliyoundwa na serikali.

Lugha ya utawala iliongeza uzito wa jambo hili. Katika maandishi ya Kiingereza ya serikali, jengo la mawe la Mjini liliandikwa kwa neno la nyumba, na jengo la udongo la Ng'ambo kwa neno lenye maana ya kibanda. Kiswahili cha wakazi hakikutenganisha namna hiyo. Banda lilikuwa la mifugo, la mashua au la kazi. Mahali watu walipooa, walipozaa na walipofia paliitwa nyumba, ziwe kuta zake za mawe au za udongo. Tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu. Kilichoitwa kibanda kilihesabiwa kuwa ni kitu cha kupita, na mkazi wake naye akahesabiwa kuwa ni mtu wa kupita. Mpangaji wa miji Henry Vaughan Lanchester, ambaye taarifa yake juu ya mji wa Unguja ilichapishwa mwaka wa 1923, aliitazama Ng'ambo kama mahali pa kupangwa upya. Na mipango iliyofuata katika zama za Himaya iliendelea na mtazamo huo.

Mgogoro ulikomaa katika miaka ya 1927 na 1928. Wakazi wengi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya kiwanja. Hoja yao haikuwa kwamba kodi ni nzito peke yake, ingawa ilikuwa nzito. Walihoji asili yake: ardhi hii wazee walipewa wakae, au iliwekwa wakf kwa ajili yao, basi kodi yatoka wapi? Huo ndio wakati ambapo Siti binti Saad, aliyekuja mjini kutoka Fumba mwaka wa 1911, alikuwa katika kilele cha sifa zake. Alikaa Ng'ambo, na nyimbo zake na za wenzake zilizungumza juu ya mahakama, dhuluma na maisha ya watu wa mitaa hiyo. Mwaka wa 1928, mwaka ule ule wa mgomo, sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay. Hivyo mtaa uliohesabiwa kuwa ni wa vibanda ulikuwa ukisikika kwa Kiswahili chake pwani nzima.

Serikali iliwakamata baadhi ya wagomaji, lakini iliona pia kwamba jambo halitamalizwa kwa jela. Katika mwaka huo wa 1928 ilitoa amri ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Amri hiyo iliwapa wakazi nafuu, lakini haikujibu swali lao. Iliweka kiasi cha kodi, na kwa kufanya hivyo ikaikubali kodi yenyewe. Tangu hapo mwenye nyumba wa Ng'ambo alikuwa na kinga juu ya bei ya kukaa, lakini alikuwa amepoteza hoja ya kukaa bila kununua kukaa kwake. Matokeo yake yaonekana katika ujenzi. Mtu mwenye busara husita kujenga kwa mawe juu ya ardhi ya mwingine. Na kadiri alivyosita, ndivyo jengo lake lilivyozidi kufanana na kile kibanda kilichotajwa katika maandishi ya serikali.

Katika muongo wa 1940, chini ya Katibu Mkuu Eric Dutton, serikali ya Himaya ilijaribu kuijenga upya sehemu ya Ng'ambo. Raha Leo pakajengwa jumba la mikutano na mambo ya jamii, na pakatengenezwa mtaa wa nyumba mpya ulioitwa Holmwood. Wachache walinufaika, sehemu kubwa ya Ng'ambo iliendelea kujijenga kwa desturi yake. Chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa mwaka wa 1957 kilipata wafuasi wengi katika mitaa hii, na makao yake yalikuwa Kisiwandui. Malalamiko ya ardhi na kodi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha wafuasi hao.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 swali la kiwanja lilikatwa kwa mkato mmoja. Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Kodi ya kiwanja iliyokuwa ikienda kwa wamiliki wa zamani ilikoma, na mwenye nyumba wa Ng'ambo akabaki na nyumba yake. Lakini jambo hilo lilikuwa na upande wa pili. Serikali iliyokuwa mwenye ardhi iliweza sasa kuipanga ardhi. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki yalianza kujengwa majumba ya ghorofa ya Michenzani, marefu kwa mamia ya mita, juu ya mahali palipokuwa na nyumba za mtaa. Waliobomolewa walipewa makao katika majumba hayo. Walipata kuta imara na maji ya mfereji. Walipoteza baraza, ua na vyumba vya kupangisha, na pamoja navyo uwezo wa kuiongeza nyumba mwaka hata mwaka.

Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka wa 1992 iliithibitisha kanuni hiyo. Ardhi ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Kuhamisha haki hiyo kwa mwingine huitwa uhaulishaji, na kwa sheria ya mwaka wa 1994 iliundwa Bodi ya kuusimamia. Kwa hiyo mnunuzi wa leo wa nyumba ya Ng'ambo hupata alichojenga mwenziwe pamoja na haki ya kuitumia ardhi; ardhi yenyewe hainunui. Yastahili kuzingatiwa kwamba fikira ambayo wanasheria wa Himaya waliiona kuwa ni kasoro ya watu wa pwani, yaani kwamba nyumba yaweza kuwa ya mmoja na ardhi ya mwingine, imerudi na kuwa msingi wa sheria ya nchi. Kilichobadilika ni mwenye ardhi.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000, na kwa mara nyingine hori lililokwisha kujazwa likawa mpaka, kwani kiini cha urithi huo ni mji wa mawe. Katika muongo wa 2010 idara ya mipango miji ilianza kurekebisha hali hiyo kwa kuorodhesha majengo, mitaa na desturi za Ng'ambo, katika mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo urithi wa Ng'ambo haumo katika kuta peke yake. Umo pia katika maneno ambayo watu walitumia kueleza haki zao, na maneno hayo hayawezi kupigwa picha.

Wajibu wa wanaolitafiti Kiswahili ni wazi. Nyumba iliyotajwa katika hati ya zamani ya Ng'ambo isifasiriwe kuwa nyumba pamoja na ardhi mpaka hati yenyewe iseme hivyo. Kuuza kusisomwe kuwa ni kuachana na mali mpaka ijulikane kama khiyari ilikuwapo. Kodi nayo iulizwe ni ya chumba au ni ya kiwanja, na imelipwa na nani kwa nani. Kamusi inayotoa maana moja ya nyumba, nayo ni jengo la kukaa watu, haijakosea, lakini imeacha nje maana ambayo kwayo watu waligoma na wengine kufungwa. Warithi bado hufika mbele ya kadhi na mahakama wakiwa na karatasi za babu zao mkononi, na hukumu yaweza kutegemea tafsiri ya neno moja. Neno hilo likisomwa kwa maana ya leo, haki iliyolindwa kwa vizazi vitatu yaweza kupotea kwa alasiri moja.